Usifomati Kwanza

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi mbele ya walimu, wazazi na wenye steshenari wa mtaani kwetu. Wengine walitaka kuja wakabanwa na msiba, harusi na mvua, wakaomba niyaandike. Nimeyaweka karibu kama yalivyonitoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, hazikuwa na maana kubwa bila mimi kuzielezea.

Itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wazazi, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na soketi ili mchaji simu zenu, hamjambo?

Nianze kwa kuomba mikono. Nani hapa amewahi kupeleka kompyuta kwa fundi akaambiwa, "Hii dawa yake ni kufomati tu"? Naona mikono mingi. Haya, ishusheni. Na nani kati yenu, kabla ya kufomatiwa, aliulizwa: "Humo ndani kuna kitu unachokihitaji?" Mnaona wenyewe.

Mimi ni fundi, kwa hiyo ninachokisema leo kinagusa mfuko wangu. Kufomati, yaani kufuta kila kitu kilichomo na kuanza upya, ni kazi nyepesi. Unachomeka flashi, unabofya mara kadhaa, unakunywa chai, unapokea hela. Lakini mashine nyingi zinazoletwa mezani kwangu hazihitaji kufomatiwa. Zinahitaji kijiprogramu kimoja, pengine cha MB mbili, na mara nyingine kimo humohumo ndani ya Windows siku zote ila hakuna aliyekwambia.

Sizungumzii Word wala Excel leo. Nazungumzia vile vijiprogramu vinavyofanya jambo moja na kunyamaza: cha kutafuta faili, cha kurudisha kilichofutwa, cha kukuonyesha nani anakula bando. Kompyuta ya nyumbani umeinunua kwa jasho lako. Ukiiuliza swali, ikujibu. Ukiiamuru, itii. Mtu asiyeweza kuiuliza mashine yake swali hata moja, huyo ameinunua lakini bado hajaimiliki. Haya ndiyo yaliyonileta hapa, mengine yote ni mifano.

Tuanze na kilichofutwa.

Mwaka 1982, kule Marekani, alikuwepo mtayarishaji programu aitwaye Peter Norton. Alifuta faili lake kwa bahati mbaya. Wengi wetu tungeshika kichwa, kisha tungekaa kuandika upya. Yeye akaandika programu ya kulirudisha. Aliwezaje? Aliwezaje kurudisha kitu ambacho kompyuta yenyewe inasema hakipo?

Aliweza kwa sababu kompyuta husema uongo mdogo. Walimu, nyinyi mtanielewa haraka. Mkikata jina la mwanafunzi kwenye daftari la mahudhurio, mwanafunzi hatoweki darasani. Bado amekaa kwenye dawati lake mpaka aje mwingine apewe dawati hilo. Kompyuta za wakati ule zilizotumia DOS, mfumo uliotangulia Windows, zilifanya hivyo hivyo: ukifuta faili, mashine ilibadilisha herufi ya kwanza tu ya jina lake kwa alama maalumu, ikaandika kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Maandishi yenyewe yalibaki palepale. Ndiyo maana programu za kurudisha faili za enzi hizo zilikuwa zinakuuliza swali linalochekesha: herufi ya kwanza ya jina ilikuwa ipi? Ukiijibu, faili linafufuka. Kijiprogramu kile cha Norton kikawa mwanzo wa Norton Utilities, na mwaka 1990 kampuni ya Symantec ikamnunua na biashara yake yote.

Leo ipo PhotoRec, ya Mfaransa Christophe Grenier, ya bure kabisa. Sura yake haivutii, ni skrini nyeusi na maandishi. Lakini inapita kwenye flashi au kadi ya kamera sehemu kwa sehemu, inatambua picha kwa alama zake za mwanzo, inazitoa hata kama orodha ya majina imeharibika kabisa. Majina ya faili utayapoteza, kwa hiyo jiandae kupata picha mia tano zenye majina ya namba. Afadhali hizo kuliko kukosa picha za send-off ya binti yako.

Sharti lake ni moja, na nalirudia ili aliye nyuma asikie. Ukifuta kitu kwa bahati mbaya, acha kuandika kwenye diski hiyo. Acha! Usinakili wimbo, usipige picha nyingine kwa kadi hiyo, na usiisakinishe hiyo programu ya uokoaji kwenye diski ileile unayotaka kuiokoa. Kinachookolewa nacho kihifadhi kwingine. Na mjue pia kwamba diski mpya za SSD zina tabia tofauti: Windows huiarifu diski nafasi ipi imeachwa, nayo huisafisha yenyewe. Hapo mara nyingi hutakuta kitu. Matumaini makubwa yako kwenye flashi, kadi, na diski za zamani zinazozunguka.

Sasa nije kwenye ugonjwa wenu hasa, wenye steshenari. Mwalimu anakuja na flashi ya mitihani, anaichomeka apigiwe chapa. Akirudi nyumbani anakuta folda zote zimegeuka shotikati, vialama vyenye mshale. Akibofya, hapati kitu au anapata folda lakini mashine inaanza vituko. Anasema, "Mitihani imeliwa na virusi." Anaambiwa afomati. Anafomati. Mitihani inakwenda na maji.

Ndugu zangu, mitihani ilikuwemo! Kirusi cha aina hiyo hakifuti kitu. Kinazipa folda zako alama mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, halafu kinatengeneza shotikati zenye majina yaleyale. Kwa nini kihangaike hivyo? Kwa sababu zamani flashi iliweza kuanzisha programu yenyewe mara tu ikichomekwa. Windows 7 ikaja na mlango huo umefungwa kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza sasisho la kuufunga kwenye XP na Vista. Mlango ulipofungwa, watengeneza virusi wakaamua kukutumia wewe. Ubofye kwa mkono wako ukidhani unafungua folda ya Darasa la Saba.

Dawa ni mstari mmoja, na imo ndani ya Windows tangu enzi. Unafungua dirisha jeusi la amri, cmd, na kama flashi yako ni herufi F unaandika:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Unabonyeza Enta na kusubiri. Folda zinaibuka moja baada ya nyingine. Futa shotikati, usifute folda. Lakini kabla ya yote safisha kwanza mashine yenyewe kwa kinga ya virusi, maana ukisafisha flashi kwenye kompyuta mgonjwa, dakika ileile inaambukizwa tena. Wenye steshenari, andikeni mstari huo kwenye karatasi, mbandike ukutani karibu na printa. Mtaokoa mitihani ya wilaya nzima.

Jambo la pili ni la manunuzi, na nitalipitia haraka. Wengi wetu tunanunua kompyuta mpakato za mtumba. Muuzaji atakwambia nini? "Haijatumika sana, betri inakaa masaa manne." Kwani wewe umwamini yeye, au uiulize mashine? Fungua cmd, andika:

powercfg /batteryreport

Mashine inaandika ripoti na kukuonyesha imeihifadhi wapi. Ifungue, tafuta mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Wa kwanza ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, wa pili ni uwezo iliobaki nao leo. Kama wa kwanza ni 48,000 na wa pili ni 19,000, masaa manne hayo ni ya hadithini. Halafu chomeka flashi yenye CrystalDiskInfo, kijiprogramu kutoka Japani, na kitakwambia diski imewaka kwa saa ngapi tangu izaliwe. Saa 21,000 ni sawa na zaidi ya miaka miwili bila kuzimwa hata usiku mmoja. Hapo utajua kama haijatumika sana. Usigombane na muuzaji. Mgeuzie tu skrini aisome mwenyewe, kisha mzungumze bei.

Vingine ninavyovitembeza kwenye flashi yangu ni 7-Zip ya Mrusi Igor Pavlov, iliyoanza mwaka 1999, inafungua karibu kila faili lililobanwa na haikuombi hela wala haikukumbushi kwamba siku 40 za majaribio zimekwisha. Na Everything ya David Carpenter, inayotafuta faili kwa jina kwenye diski nzima kabla hujamaliza kuandika neno. Siri ya hii ya pili ni kwamba haizunguki folda baada ya folda. Inasoma moja kwa moja ile jedwali kuu ambamo Windows imeorodhesha kila faili. Na WinDirStat inakuchorea diski yako kwa rangi, uone kwa jicho nini kimejaza. Mzazi anafuta picha za familia kumbe kilichojaza ni filamu za kijana zilizofichwa kwenye folda inayoitwa "Chemistry". Vijana wa nyuma mbona mmenyamaza?

Sasa jambo lenyewe zito. Nani anatembea ndani ya mashine yako usiyemjua?

Oktoba 31, 2005, mhandisi aitwaye Mark Russinovich alichapisha alichokikuta kwenye kompyuta yake mwenyewe. Yeye na mwenzake Bryce Cogswell walikuwa na mradi wa Sysinternals, wa kutengeneza vijiprogramu vya kuchungulia ndani ya Windows, na kuvigawa bure. Kimoja kiliitwa RootkitRevealer. Kazi yake ilikuwa kuorodhesha mafaili mara mbili: mara ya kwanza kwa kuiuliza Windows, mara ya pili kwa kuisoma diski bila kupitia Windows. Orodha mbili zikitofautiana, kuna kinachofichwa.

Zikatofautiana. Kwenye mashine ya mtu anayeijua Windows kuliko karibu binadamu yeyote, mlikuwa na programu iliyojificha. Akaifuatilia hadi akamkuta mwenyewe. Si mwizi wa mtandaoni. Ilitoka kwenye CD ya muziki aliyoinunua kwa hela yake, ya kampuni ya Sony BMG! Waliiweka ili kuzuia watu kunakili nyimbo. Ilificha kila faili lililoanza na $sys$, na kwa kuwa ilificha kila lililoanza hivyo bila kuuliza ni la nani, ndani ya wiki chache watengeneza virusi wakaanza kuyapa mafaili yao jina hilohilo, wakajificha kwa gharama za Sony. Makelele yalikuwa makubwa, kesi zikafunguliwa, Novemba hiyohiyo kampuni ikaziita CD zake zirudishwe.

Nawaomba mlione hili vizuri. Kampuni kubwa, yenye wanasheria na majengo, iliumbuliwa na kijiprogramu cha watu wawili. Mwaka uliofuata, 2006, Microsoft ikawanunua Russinovich na Cogswell pamoja na zana zao, na zana hizo mpaka leo zinapatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft. Mnayoihitaji nyumbani inaitwa Autoruns. Inakuonyesha kila kitu kinachojiwasha pale unapowasha mashine: kile ulichokiweka, alichokiweka mjomba, na kilichoingia pamoja na ile programu ya kupakua video. Kisichojulikana, ondoa tiki tu, usikifute. Ukikuta umekosea, unarudisha tiki. Mashine iliyokuwa inachukua dakika nane kuamka mara nyingi inaamka haraka bila kufomatiwa na bila kuongezewa RAM.

Na bando? Mama mmoja alinijia analalamika mtandao unamwibia. Anaunga kompyuta kwa simu, asome barua pepe mbili, GB nzima imeyeyuka. Nikamwambia, mama, kabla ya kumlaumu mtu tuulize mashine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika resmon, nenda kwenye Network. Pale pana orodha ya kila programu na kiasi inachopokea na kutuma sekunde hiyohiyo. Tukakuta Windows inapakua masasisho, na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inapandisha mbinguni picha zake zote za tangu kipaimara cha mtoto. Hakuna aliyemwibia. Ila pia hakuna aliyemwomba ruhusa, na hilo linaniudhi zaidi kuliko wizi, kwa sababu mwizi angalau anajua ni mwizi. Tulikwenda kwenye mipangilio ya mtandao, tukawasha Metered connection, yaani tumeiambia Windows kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Masasisho mengi yakasubiri.

Nimevisifu vya kutosha. Sasa niseme upande wa pili, maana najua mkitoka hapa mtakwenda kupakua kila kitu chenye neno "free".

Udogo wa vijiprogramu hivi ndiyo uzuri wake, na ndiyo hatari yake. Kitu cha MB mbili kinaingia bila kelele. Mnaikumbuka CCleaner, ile ya kufagia takataka? Ilikuwa kwenye karibu kila kompyuta ya mtaani. Mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwenye mitambo ya watengenezaji wake, wakapandikiza sumu ndani ya toleo 5.33. Likatoka kwenye tovuti rasmi, na sahihi rasmi ya kidijitali. Mashine milioni 2.27 zikalipokea kabla halijagunduliwa Septemba. Hao watu walifanya kosa gani? Hakuna. Walipakua pale tunapowaambia wapakue.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "naipata wapi", uliza "naihitaji kweli?" Kufagia takataka Windows inafanya yenyewe, andika cleanmgr uone. Na zile programu zinazojisifu kusafisha rejista ya Windows, yaani daftari lake la mipangilio, ili mashine "ikimbie", kwangu haziingii. Hazikimbizi chochote, na Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi yake.

Vilevile, krak. Hapa wenye steshenari mtanichukia. Kile kijiprogramu cha kuamsha Windows ya wizi kinakuja na maelekezo: "Kwanza zima kinga ya virusi." Jamani! Mgeni anakupigia simu kwamba anakuja usiku, anaomba umfunge mbwa na uache mlango wazi, na wewe unamwandalia chai? Pakua kwa mtunzi mwenyewe. Usipakue kwenye zile kurasa zenye vitufe vitano vya kijani vya DOWNLOAD, maana hata kimoja si chenyewe.

La mwisho ni lile ninalolipenda kuliko yote. Vijiprogramu hivi mnaweza kuvitengeneza wenyewe. Leo. Hapa hapa.

Fungua Notepad, andika mstari mmoja:

robocopy D:\Mitihani E:\Akiba /E

Hifadhi kwa jina akiba.bat, na pale kwenye aina ya faili chagua All files, la sivyo Notepad itakubandikia .txt nyuma na haitafanya kazi. Basi. Una programu yako. Kila Ijumaa chomeka flashi, hakikisha herufi yake ni E, bofya mara mbili, na folda ya mitihani iliyoko diski D inanakiliwa pamoja na folda zake za ndani, kilichobadilika na kilicho kipya tu. Mtandaoni mtaona watu wanatumia /MIR badala ya /E. Msiiguse mpaka muielewe. Hiyo hufanya flashi ifanane kabisa na folda ya nyumbani, yaani ukifuta kitu nyumbani na flashi nayo inakifuta. Nakala ya akiba inayofuta pamoja nawe ni akiba gani?

Wazazi, mtoto anaangalia katuni na wewe unataka kulala? Andika shutdown /s /t 5400. Hizo ni sekunde, dakika tisini, kisha mashine inajizima. Ukighairi, shutdown /a. Nimewaambia wazazi hiyo ya pili kwa sauti ndogo makusudi, lakini naona kuna kijana huko nyuma tayari ameiandika.

Na walimu, wakati wa kujaza ripoti za wanafunzi mnaandika maneno yaleyale mara ngapi? Ipo AutoHotkey, aliyoianzisha Chris Mallett mwaka 2003, ya bure. Ukishaisakinisha, unaandika kwenye faili lako mstari kama huu:

::abd::Ana uwezo mzuri, aongeze bidii katika hisabati.

Tangu hapo, popote ukiandika abd na kugonga nafasi, sentensi nzima inajiandika. Tengenezeni na ya Kiswahili, na ya nidhamu, na ya ada. Mkuu wa shule asiponipenda baada ya hapa nitaelewa, kwa sababu wazazi nao wataanza kushangaa darasa zima linahitaji bidii ileile.

Mwenye kompyuta aiwashe sasa. Wasio nayo wakae wawili wawili na wenye nayo. Tunaanza na ripoti ya betri, kwa sababu umeme wa hapa mnaujua.